Namba Juu ya Noti

Agizo la "piga kwa hisia" limeharibu wapulizaji wengi wa klarineti kuliko ridi mbovu. Nimelisikia kanisani, kwenye bendi za harusi na kwenye mashindano ya muziki ya shule. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa hivyo hufumba macho na kuyumbisha mabega, lakini sauti hubaki ile ile. Si kwamba hana hisia. Anazo tele. Hajaambiwa pumzi yake aifanyie nini, noti ipi iko safarini na ipi imefika.

Napuliza klarineti, ala ya mbao ya kupulizwa, na ninaifundisha hapa Kampala. Noti za muziki siku hizi si shida. Ukitaka kazi za Mozart unazipakua bure kwenye simu ukiwa umekaa kwenye boda boda. Kinachoniumiza kichwa ni kile ambacho karatasi haikibebi: wimbo unaanzia wapi kukaza, unalegea wapi, pumzi inakatwa wapi bila kumkata msikilizaji. Hayo hupita kwa mtu hadi kwa mtu, wakiwa chumba kimoja, mmoja akipuliza na mwingine akisikiliza. Aliyenayo akiondoka bila kumwachia mwenzake, wanaobaki watasoma noti zote sawasawa na wimbo hautasikika.

Nimekulia katika kambi ya jeshi, Jinja. Nje ya uzio watu walizungumza Lusoga na Luganda. Ndani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu baba zetu walitoka kila pembe ya nchi. Ni mambo ya zamani hayo. Jeshi la wakoloni, King's African Rifles, liliundwa mwaka 1902, na lugha yake ya amri ikawa Kiswahili. Kikosi chake cha nne ndicho kilichokuwa cha Uganda. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 lugha ilibaki kambini, na bendi pia zikabaki. Kwa hiyo mimi muziki nimefundishwa kwa Kiswahili. Maneno ya Kiitaliano yalikuwepo, piano (kwa sauti ndogo) na forte (kwa sauti kubwa) na krescendo (kukaza taratibu), kama yalivyo duniani kote. Ila kukaripiwa, kusifiwa na kuelekezwa pumzi ikae wapi, vyote vilikuwa Kiswahili cha afande.

Afande aliyenifundisha alikuwa sajini wa bendi, amekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache. Naye alifundishwa na mzee aliyepuliza enzi za Waingereza. Ridi zilikuwa adimu, kwa hiyo kila moja ilitumika mpaka ikachakaa kabisa. Ridi, kwa asiyeijua, ni kile kibanzi cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti. Hicho ndicho kinachotetema na kutoa sauti. Tete lake hulimwa sana kusini mwa Ufaransa. Afande aliilaza ridi juu ya kipande cha kioo, akaipitisha kwenye msasa laini mara mbili tatu, akaiinua kuelekea dirishani ili aone mwanga unavyopenya. Palipokuwa na kivuli kizito upande mmoja, alikwangua kwa wembe, kidogo sana, akilamba ridi na kuijaribu kila baada ya mkwaruzo. Kisha alinipa na kusema, "Sasa inaweza kunong'ona. Ridi isiyoweza kunong'ona itakufundisha kupiga kelele." Nilielewa baadaye kwamba hilo lilikuwa somo la muziki, si la ukarabati. Mtoto mwenye ridi ngumu isiyolingana hawezi kupunguza sauti bila sauti kukatika, kwa hiyo hujizoesha kupiga kila kitu kwa nguvu moja. Ukimwambia aweke hisia unamwonea bure.

Somo lake jingine lilikuwa kwenye uwanja wa gwaride. Bendi inapotembea, mguu wa kushoto hutua kwenye pigo la kwanza, na ngoma kubwa hutua pamoja nao. Kwa hiyo kila kijana anayeingia bendi hulipiga pigo la kwanza kama anayepigilia misumari. Afande alituondolea ala, akatupanga mistari, akatutembeza huku tukiimba wimbo wa maandamano kwa sauti ya "la". Akasimama mbele yetu. "Mguu wa kushoto ni pale unapofika," akasema, "sasa wewe unaanzia safari mlangoni kwa mgeni?" Akatufanya tuimbe tena, safari hii noti tatu za kabla ya mguu zikikaza kidogo kidogo kuelekea kwenye mguu, na noti ya pigo lenyewe ipokee ule mwendo bila kugongwa. Maandamano yale yale, kasi ile ile, ngoma ile ile. Ghafla yakawa yanakwenda mahali.

Miaka mingi baadaye alikuja Kampala mwalimu mgeni, mpuliza obo, ala ya mbao yenye ridi mbili, akakaa nasi muda mfupi akifundisha wapulizaji wa ala za mbao. Aliandika ubaoni noti nne nne, kama zinavyochapishwa vitabuni, kisha akazifuta zile alama za kuzifunga pamoja na kuzifunga upya: ya kwanza peke yake, halafu ya pili, ya tatu na ya nne zikiungana na ya kwanza ya fungu linalofuata, kuvuka ule mstari wa wima. Moja. Mbili-tatu-nne-moja. Mbili-tatu-nne-moja. Nilikaa pale nimeshika klarineti na nywele zimenisimama. Lilikuwa somo la uwanjani Jinja, limeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumsikia afande wangu.

Alikuwa amelipata kwa mwalimu wake, naye kwa mwalimu wake, na mlolongo huo unafika kwa Marcel Tabuteau. Nimemsoma sana mtu huyo tangu siku ile. Alizaliwa Compiègne, Ufaransa, mwaka 1887, akasoma obo katika Konsevatwari, chuo cha muziki cha Paris, kwa Georges Gillet. Mwaka 1905 kondakta Walter Damrosch alimchukua kwenda New York pamoja na wapulizaji wenzake wa Kifaransa, akiwemo mpuliza fluti Georges Barrère, mwanafunzi wa Paul Taffanel. Kuanzia 1915 hadi 1954 Tabuteau alikalia kiti cha kwanza cha obo katika Orkesta ya Philadelphia, na akafundisha Curtis, chuo kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1924. Hakuwafundisha wa obo peke yao. Wa fluti, klarineti na basuni walipita darasani kwake, na hata wapiga fidla.

Jambo alilowaachia ni namba. Juu ya kila noti ya wimbo aliweka namba, ndogo kwa noti iliyotulia na kubwa kwa iliyokazwa, tuseme tatu, nne, tano, sita, kisha tano, nne. Ukizisoma harakaharaka utadhani ni kipimo cha sauti kubwa na sauti ndogo. Ni zaidi ya hapo. Namba inabeba uzito wa noti, rangi yake, kasi ya pumzi ndani yake, na juu ya yote uhusiano wake na jirani zake. Noti ya tano haina maana yoyote ikiwa peke yake. Ni tano kwa sababu imetoka nne na inakwenda sita. Mwanafunzi akipuliza hivyo, hata mwalimu akiwa chumba cha pili anaweza kumwambia: pale umeniruka kutoka tatu hadi tano.

Wapo wanaosema huko ni kuufanya muziki kuwa hesabu, kwamba hisia haziwekewi namba. Siwakubalii. Walionipa hisia bila kipimo hawakunipa kitu. Walionipa kipimo walinipa mahali pa kuanzia, na hisia zangu zikapata njia ya kupita. Wanafunzi wa Tabuteau hawakusikika wote namna moja, lakini walijaa kwenye viti vya kwanza vya orkesta kubwa za Marekani: Harold Gomberg New York, ndugu yake Ralph Gomberg Boston, John Mack Cleveland, na John de Lancie aliyekirithi kiti cha mwalimu kule Philadelphia. De Lancie ananigusa kwa namna yake, maana naye aliwahi kuvaa sare. Mwaka 1945, akiwa askari wa Marekani Ujerumani, alimtembelea mzee Richard Strauss, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, nyumbani kwake Garmisch na kumuuliza kama amewahi kufikiria kuandika konseto ya obo, yaani kazi ya obo moja ikiambatana na orkesta. Strauss akajibu hapana, akanyamaza. Mwaka huo huo akaiandika, na ikapigwa Zürich mwaka 1946. Leo kila mpuliza obo anaisoma, na chanzo chake ni swali la kijana aliyelelewa vizuri na mwalimu wake.

Tabuteau alikuwa mkali, hilo halifichiki. Alifokea watu hadi wakatetemeka. Afande wangu pia. Naamini kabisa kwamba ukali haukuwa sehemu ya somo. Nimejaribu kurithisha pumzi na kuuacha ukali ulikotoka, na wanafunzi hawajapungukiwa na chochote.

Tabuteau alifariki Nice mwezi Januari 1966. Kila nikiuona mwaka huo nasimama. Tarehe 24 Mei mwaka huo huo jeshi la serikali liliivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iitwayo Lubiri, pale Mengo, umbali mfupi tu kutoka ninapofundishia. Ndani ya ikulu ile waliishi na kupokezana zamu wanamuziki wa ufalme: wapiga entenga, zile ngoma zilizowekwa sauti, wapiga zilofoni za akadinda na amadinda, wapuliza makondere, na abalere, wapulizaji wa endere, filimbi yetu yenye matundu manne ya vidole. Walitawanyika kwa siku moja. Mwaka uliofuata falme zenyewe zikafutwa, zikarudi 1993. Mwaka mmoja huo, mwalimu mmoja wa Kifaransa alikufa na wanafunzi wake wameketi kila mahali, na hapa kwetu nyumba nzima ya walimu ikavunjwa kabla wengi hawajamaliza kufundisha.

Siandiki haya ili tulie. Nayaandika kwa sababu wapo waliohakikisha uzi haukatiki kabisa, nao wanastahili kutajwa na wapulizaji wa Uganda kama wenzetu wa Marekani wanavyomtaja Tabuteau. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu aliyezaliwa 1914, alipiga na kufundisha katika Makumbusho ya Uganda, na alifundisha yeyote aliyekuja na masikio, hata wageni kama Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria. Albert Ssempeke, mpuliza endere wa ikulu, aliendelea kupiga na kufundisha baada ya maangamizi yale, hadi Edinburgh. Kwao ndiko nilikolipata jibu ambalo namba za Tabuteau hazinipi.

Namba hukwambia noti iongezeke kiasi gani. Hazikwambii kwa nini. Katika muziki wa ikulu ya Buganda, "kwa nini" ipo wazi. Vipande vya endere na amadinda vimetokana na nyimbo zenye maneno, na Luganda ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Kwa hiyo wimbo unaufuata usemi. Mpuliza endere anapopuliza peke yake, bila mwimbaji, maneno yapo kichwani mwake, na msikilizaji anayeyajua anayasikia. Anajua noti ipi ni silabi yenye uzito na ipi ni mkia wa neno, kwa hiyo hahitaji mtu amwambie ikaze wapi. Akikosea uzito amekosea neno.

Wafaransa nao walijua jambo la karibu na hilo. Marcel Moyse, mpuliza fluti aliyezaliwa 1889 na kuishia Vermont, Marekani, alikofundisha hadi uzeeni, aliwataka wanafunzi wake wapulize nyimbo za opera na kuwaiga waimbaji: mwimbaji anavuta pumzi wapi, anaipambaje konsonanti, anaiachaje noti ya mwisho. Hakuwa anawaambia waige sauti ya koo. Alitaka wasikie kwamba kila mstari wa wimbo uliwahi kuwa na mtu mwenye la kusema. Nikimweka Moyse upande huu na abalere upande ule, naona watu ambao wangeelewana upesi.

Busoga, nyumbani kwa utoto wangu, jambo lilikuwa gumu zaidi. Bigwala ni pembe za vibuyu, na kila kibuyu kina noti moja tu. Wapulizaji watano au zaidi huzunguka ngoma wakicheza, kila mmoja akitumbukiza noti yake mahali pake, na wimbo unapatikana katikati yao. Hakuna mtu anayeumiliki. Huwezi kumfundisha mtoto bigwala akiwa peke yake chumbani, hata ungekuwa na namba za Tabuteau mfukoni. Ndiyo maana urithi huu ulikaribia kupotea: wazee walipopungua, hapakuwa tena na watu wa kutosha kuukamilisha wimbo mmoja, na hata mbegu za vibuyu vinavyofaa zilikuwa zimeadimika. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wazee wa Busoga wakapanda vibuyu upya na kukaa na vijana. Nawaambia wanafunzi wangu wa klarineti wakaisikilize, kwa sababu kwenye orkesta nako klarineti ya pili mara nyingi ina noti mbili tatu tu, na noti hizo zinabeba nusu ya maana ya klarineti ya kwanza. Asiyelijua hilo hujaza nafasi tu.

Sasa nirudi kwenye vyumba vyetu. Kampala ina matarumbeta mengi, na ninashukuru. Mashirika na makanisa yamewafikishia watoto wa mitaani trombone na konet. Wapulizaji wa ala za mbao ni wachache. Klarineti na saksafoni zipo, fluti zipo, obo na basuni utazitafuta. Ala nyingi zimetolewa msaada, pedi zake zimeliwa na wadudu, na hewa inavuja pale kidole kisipofika vizuri. Mtoto anajifunza kwa video, halafu anafanya mitihani ya gredi: nyimbo tatu, skeli, kusoma papo hapo. Mitihani ina faida yake, inampa mtoto ratiba. Video pia ina faida. Kijana wa Mbale leo anaweza kumsikia mpuliza klarineti wa Berlin kila asubuhi. Lakini video haimsikii yeye. Haiwezi kumwambia kwamba ametoka tatu hadi tano, wala kwamba amevuta pumzi katikati ya neno.

Kwa hiyo ninachofanya ni kidogo na cha kurudia. Kwanza ridi, kwa kioo na msasa na wembe, mpaka inong'one. Kisha mwanafunzi anatembea akiimba, bila klarineti, na miguu yake inamwambia wimbo unakwenda wapi. Kisha anautungia wimbo maneno, kwa lugha yoyote anayoota nayo. Mwisho kabisa ndipo tunaandika namba, kwa penseli, juu ya noti. Nimeona nikianza na namba wanakuwa wahasibu, nikianza na maneno namba zinakuja kuthibitisha walichokwisha kukisikia.

Hivi sasa kundi langu la klarineti nne linafanyia kazi ule mwendo wa polepole (sehemu ya katikati) wa konseto ya klarineti ya Mozart, ya mwaka 1791, aliyomwandikia Anton Stadler miezi michache kabla ya kufa. Nimeupanga kwa klarineti nne. Wimbo unapanda kwa noti tatu kisha unaanza kurudi chini taratibu. Namba zangu zilikuwa tatu, nne, tano kwenye kupanda, sita kwenye pigo linalofuata, halafu kuteremka. Ndivyo nilivyoupuliza tangu ujana, na afande angeukubali. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kambi ya polisi, alitia maneno ya Kiswahili, sentensi ya mtu anayemwita dada yake aliye mbali. Jina la dada likaangukia noti za kushuka. Akafuta sita yangu, akaisogeza mbele, ndani ya ule mteremko, na kuacha kupanda kote kukiwa chini ya nne.

"Mwalimu," akasema, "huku juu bado sijamwita. Nakusanya pumzi."

Tulizipuliza namba zake na zangu, moja baada ya nyingine, na wenzake watatu wakasema tubaki na zake. Nami nilisikia vivyo hivyo. Shida ni kwamba sasa klarineti ya pili, iliyokuwa ikipumua chini ya sita yangu, inapumua pale pale jina linapotajwa, na wimbo unatoboka. Itabidi pumzi hiyo irudi nyuma mapigo mawili, na klarineti ya tatu ishikilie noti yake kwa muda ili kuifunika. Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi.